Sahani Niliyoimaliza Pito

Jumapili, mwezi wa saba. Asubuhi.

Baridi ya leo ndiyo ile yenyewe ya Ufipa, ya upepo unaopita chini ya mlango na kukutafuta miguu. Nimevaa fulana mbili, sweta na koti, na bado meno yanagongana. Zamani nilikuwa nikiwacheka watumishi wenzangu waliohamishiwa huku kutoka pwani, walivyokuwa wakijikunyata kama kuku walionyeshewa. Sasa kuku ni mimi. Blanketi langu lilikuwa mwilini mwangu, na daktari ameliondoa.

Nimekaa mezani peke yangu. Filomena hayupo. Tangu jana amebaki Pito kwa mama yake, na mimi sijui kama amebaki kumsaidia mama kupepeta ulezi au ameniacha.

Sijui kabisa.

Wacha niandike tangu mwanzo, labda kichwa kitatulia. Mimi ni bwana shamba. Kwetu ni Tukuyu, na hapa Sumbawanga nina mwaka wa saba. Mke wangu ni Mfipa wa Pito. Tuna binti mmoja, Neema, yuko shule ya bweni. Haya yote nayajua, lakini leo nayaandika kama mtu anayehesabu vyombo vyake baada ya nyumba kuezuliwa na upepo.

Mpaka mwaka jana nilikuwa mtu mnene kuliko wote idara ya kilimo. Siku moja, kwenye kituo cha kununulia mahindi, vijana wa kubeba magunia walinishawishi nipande juu ya mizani. Gunia lililojaa lilikuwa limesoma kilo mia moja. Mimi nikasoma mia na kumi na nne. Walipiga makofi, wakaniuliza kama niandikwe daraja la kwanza au la pili. Nilicheka nao. Moyoni nilifurahi, sitasema uongo. Kwetu mwanaume mwenye mwili ni mwanaume mwenye nyumba.

Ila mwili ule ule ulikuwa kero kwenye mikutano. Mabango ya siasa yote yana yule mnyonyaji mwenye tumbo kubwa, kupe, na nikisimama mbele ya wanakijiji kuwaeleza habari za mbolea, watoto wananitazama tumbo, wanatazama bango, wananitazama tena. Kijiji kimoja waliniita Bwana Kupe mpaka msimu ukaisha. Nilikuwa nawaambia hilo tumbo ni la ugali wa mke wangu, si la jasho la mtu. Walicheka, na jina likabaki.

Halafu vidonda vya tumbo. Miaka mitatu nilikunywa maji ya majivu, maziwa, mizizi, na vidonge vya kutafuna. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikatapika damu. Mkuu wangu wa kazi aliniandikia likizo ya ugonjwa, nikasafiri mpaka hospitali moja ya misheni, mbali na hapa, nikapasuliwa. Daktari aliondoa sehemu kubwa ya tumbo. Alinionyesha kwa mkono wake, akakunja ngumi: kilichobaki ni hiki. Kula kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Usinywe maji ukiwa unakula. Usishibe tena kama zamani, maana ile shibe ya zamani haina tena pa kukaa.

Nilimwambia asante. Sikuwa nimeelewa alichosema.

Kabla ya kuondoka nilimwagiza Filomena jambo moja: mtu yeyote asijue. Mkuu wangu anajua, inatosha. Wengine waambiwe nimekwenda semina ya kilimo. Aliniuliza, "Hata mama?" Nikamwambia hata mama. Nilikuwa naogopa kicheko. Nilikuwa nausikia ule wimbo wa watoto kabla hata hawajautunga: kupe kapasuliwa, kupe kapasuliwa. Niliona heri kufa kuliko kuchekwa na vijiji kumi na viwili.

Basi aliwaambia semina. Nikarudi kutoka semina na suruali inashikiliwa na kamba.

Kuna mambo mazuri, na ni haki niyaandike. Nafunga kamba za viatu mwenyewe. Sikoromi tena, Filomena anasema usiku wa kwanza aliamka mara tatu kuhakikisha nipo hai. Baiskeli inapanda kilima bila mimi kushuka. Naruka mifereji. Katibu wa tawi alinishika bega mbele za watu akasema sasa nimekuwa mjamaa wa kweli, mtu wa vitendo, na watu wakapiga makofi kwa kitu ambacho kilifanywa na kisu cha daktari nikiwa nimelala.

Na kuna mengine. Nikiingia ofisini watu hawasogei kunipisha, maana hakuna tena cha kupisha. Sauti yangu imepungua, au labda masikio yao yamepungua. Pete imeanguka mara mbili. Sukari yenyewe ya kupanga foleni duka la ushirika, na nikilamba vijiko viwili moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, nalala kitandani mchana kweupe. Naota ugali. Mtu mzima naota ugali wa ulezi, moto, mweusi mweusi, na maharage, na ndotoni nakula sana, nakula mpaka machozi yananitoka.

Filomena alilipokea hili kwa utaratibu wake. Amenitafutia kibakuli kidogo cha bati. Asubuhi uji, saa nne yai, mchana ugali wa kiasi cha kiganja, saa kumi kiazi, jioni tena, na kitu kidogo kabla ya kulala. Haniulizi kama nataka. Anaweka, anasimama mpaka nimalize. Wakati mwingine namkasirikia bure, kwamba amekuwa nesi na si mke, halafu naona aibu.

Sasa nakuja kwenye sehemu ambayo sikutaka kuiandika.

Mama Sara ni jirani yetu hapa mtaa wa Malangali, mke wa karani, naye ametoka Mbeya kama mimi. Aliponiona nimekonda alishika kiuno. Hakuuliza mengi. Kesho yake alinifuata ofisini na mayai mawili ya kuchemsha ndani ya leso, akaniambia kwa lugha ya kwetu, "Kula, kaka yangu. Wanawake wengine wana mkono wa birika." Nilijua anasema nini. Alikuwa anasema mke wangu ananinyima chakula.

Nilipaswa kumwambia pale pale. Badala yake nilikula mayai.

Alileta tena. Akaja na mwingine. Ikawa wanawake wawili watatu wananionea huruma, mmoja uji, mmoja ndizi, na mimi nakaa nyuma ya meza nikiwa na sura ya mtoto yatima. Ilikuwa tamu. Hiyo ndiyo kweli yenyewe. Miaka yote nilikuwa mnene na hakuna aliyewahi kunionea huruma. Nilijiambia mayai yale ni ya saa nne, ni agizo la daktari, na kwamba maneno ya wanawake hayavunji mfupa.

Yalikuwa yanavunja wa Filomena. Kisimani walikuwa wananyamaza akifika. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja siku moja kukagua, ati, afya ya kaya, akafunua chungu. Filomena alimkaribisha kiti. Usiku ule aliniambia, "Baba Neema, mimi nimebeba. Lakini mzigo huu ni wako." Nikamwambia avumilie kidogo, mwili utarudi.

Mwili haurudi. Daktari alishasema.

Jana ilikuwa siku ya kupura ulezi kwa mama mkwe. Kwao ni hivi: mtu akiwa na kazi kubwa anaita ndugu na majirani, anapika pombe na chakula, watu wanafanya kazi mpaka iishe, halafu wanakula pamoja. Aliyefanya kazi lazima ale. Ukigoma kula umemwambia mwenye nyumba mojawapo ya mambo mawili: kwamba hukufanya kazi, au kwamba huamini mikono yake. Na mkwe ndiye anayetazamwa kuliko wote. Tangu nimwoe Filomena, mama mkwe alikuwa anajisifu mpaka kanisani: mkwe wangu Mnyakyusa, lakini anamaliza sahani kama Mfipa. Mwili wangu ulikuwa ushahidi kwamba amezaa mtoto anayejua kupika.

Tangu nirudi nilikuwa sijakwenda Pito. Nilikuwa na visingizio vya kila aina. Jana vilikwisha.

Asubuhi tulitoka vizuri. Nilimpakia Filomena nyuma ya baiskeli, jambo ambalo miaka yote ya ndoa halikuwezekana, maana baiskeli yangu ilikuwa inanilaani mimi peke yangu. Alikaa upande, akanishika kiuno, akacheka. Akasema kiuno chenyewe anakitafuta. Tulipokaribia akaniuliza, "Leo utasema?"

Nikasema nitaona.

Nilipura kama kijana. Hilo sikulitegemea. Zamani nilikuwa napiga fimbo mara kumi nakaa, nahema, natoa maelezo ya kitaalamu. Jana nilipiga mpaka mikono ikapata malengelenge, vumbi likanijaa masikioni, na wanaume wa Pito wakaanza kunitazama kwa namna mpya. Nilifurahi. Nilidhani siku itakuwa nzuri.

Chakula kilipoiva, wanaume tuliketi uani kwenye jua. Mama mkwe, kwa heshima, hakuja karibu; alimpa Filomena sahani yangu ailete. Sahani ile ile ya zamani, ya maua ya bluu, ambayo haitumiwi na mtu mwingine pale. Mlima wa ugali wa ulezi. Na bakuli la jogoo mzima, firigisi juu. Wenzangu walikuwa na maharage na samaki wakavu wa ziwani, kutoka Wampembe. Jogoo alikuwa wangu peke yangu.

Filomena aliiweka mbele yangu na kunitazama. Alikuwa ananisubiri niseme.

Kabla sijafungua mdomo, shangazi yake alianza. Huyu shangazi ndiye dada wa baba yake marehemu, na baba akiwa hayupo neno lake ndilo neno. Alizungumza Kiswahili makusudi, ili nisikie.

"Filomena, tulipokuoza mwanaume huyu alikuwa mwanaume. Leo umetuletea mifupa inayoendesha baiskeli. Unampikia nini?"

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kutokujua kama inafaa kucheka. Shangazi hakucheka.

"Tunasikia mjini anaombaomba mayai ofisini. Mkwe wa ukoo huu anaomba mayai! Jibu, mwanangu. Au ulimi nao umekonda?"

 Filomena alishika ungo, akaanza kuchambua makapi ambayo hayakuwepo. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni. Wote walinisubiri mimi, na mimi nikafanya uamuzi ambao mpaka asubuhi hii sijauelewa.

Niliamua kumtetea mke wangu kwa kula.

Wakati ule niliona ni akili. Nikimaliza sahani mbele ya macho yao, shangazi ataona kwamba huyu mtu anakula, amezoea kulishwa, kukonda kwake ni mambo ya Mungu tu. Siri itabaki siri, na Filomena atapona. Nikanawa. Nikamega tonge la zamani, lile la kujaza mkono, nikachovya, nikameza. Likafuata lingine. Watu wakaanza kuchangamka. Mmoja akasema, "Huyo sasa ndiye mkwe!" Nikala mguu, nikala firigisi, nikashushia na kikombe cha togwa tamu. Filomena alisema, polepole, "Baba Neema, acha." Sikuacha. Na niandike na hili: ilikuwa tamu kuliko ndoto. Dakika kumi nilikuwa mimi tena.

Niliimaliza sahani.

Halafu likaja. Kwanza joto, jasho likanitiririka na upepo wote ule. Moyo ukaanza kupiga kama unataka kutoka. Watu wakaenda mbali, sauti zikaenda mbali. Nilisimama nikitafuta nyuma ya kihenge, nikafika nusu ya njia, nikapiga magoti, nikatapika mbele ya ukoo mzima wa mke wangu.

Nilipofumbua macho nilikuwa mkekani, na nilichosikia ni shangazi. Alikuwa anapiga kelele kwa Kifipa, na neno moja moja la Kiswahili: sumu, sumu. Sahani imebebwa na nani? Na Filomena. Jogoo ameletwa na nani? Na Filomena. Ndugu walikuwa wamemzunguka. Hakuna aliyemgusa, lakini walikuwa wamemzunguka, naye amesimama katikati na ungo wake mkononi kama mtu anayengoja basi.

Nikiwa nimelala pale nilielewa kwamba nimemtetea mke wangu mpaka nimemfanya mchawi.

Sikuwa na nguvu ya maneno. Nikafanya kilichokuwa karibu. Nikafungua vifungo, nikavuta fulana zote mbili juu, nikawaonyesha kovu, kutoka chini ya kifua mpaka kitovuni, bado jekundu. Mbele ya mama mkwe. Mwanaume mzima, tumbo wazi, mbele ya mama aliyemzaa mke wangu, ambaye miaka yote hii hatujawahi hata kushikana mkono. Alitoa sauti ndogo, akajifunika uso na kanga, akageukia ukuta.

 Nikasema, "Nilipasuliwa. Tumbo limekatwa. Siwezi kula sana. Hakuna sumu."

Shangazi alikaa chini. Ni mwanamke mkali lakini si mbaya.  Akamwambia Filomena, "Mwanangu, nisamehe." Mtu akaleta maji. Wazee wakaanza kuulizana habari za watu wengine waliowahi kupasuliwa na walivyopona. Nilihisi nafuu ambayo sijawahi kuipata. Nikadhani imekwisha.

Ndipo mama mkwe akasema, bado ameelekea ukutani. Aliongea polepole, hata mimi na Kifipa changu cha sokoni nikamwelewa.

"Mume wake alikaribia kufa. Mtoto wangu alijua. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, akanidanganya kwamba ni semina. Mimi mama yake."

Filomena alinitazama.

Sikumbuki kama nimewahi kutazamwa vile. Hakukuwa na hasira. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri wakati wa sahani, kama alivyosubiri miezi yote hii. Kilichobaki kilikuwa kitu kidogo kabisa. Kusema kwamba yeye alitaka kumwambia mama yake, na aliyemzuia ni mimi.

Na mimi nikafumba macho. Nikajifanya mgonjwa zaidi ya nilivyokuwa.

Sijui kwa nini. Nimeulizana na nafsi yangu tangu nilipoamka. Aibu ya kovu ilikuwa imekwisha, wangenicheka nini tena? Labda nilikuwa nimechoka. Labda nimezoea kuhurumiwa na sikutaka huruma ihame kutoka mkekani pangu. Hili la pili linanitisha, maana nadhani ndilo.

Filomena alikuja, akanishusha fulana, akanifunga vifungo. Alikosea, cha pili akakitia tundu la tatu, na hakurekebisha. Akasema, "Ukipata nguvu, nenda nyumbani. Mimi nabaki kwa mama." Nilimuuliza mpaka lini. Alikuwa ameshageuka.

Nilirudi saa kumi, na baiskeli nyepesi ajabu. Njia nzima nilikuwa namlaumu daktari, halafu shangazi, halafu Mama Sara, halafu jogoo. Walipokwisha wa kulaumiwa nikawa nimefika Malangali.

Asubuhi hii Mama Sara amegonga mlango na uji. Nimemwambia kila kitu pale pale kizingitini: hospitali, kisu, mayai, kwamba mke wangu hajawahi kuninyima hata punje. Alibaki na bakuli mkononi. Nimemwomba aupeleke uji kwa watoto wake. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani, ila Mama Sara si mama mkwe.

Nimechemsha yai langu mwenyewe. Limepasuka, nusu imebaki majini.

Misa ya Pito inatoka saa nne. Nikiondoka sasa nitawakuta wanarudi kutoka kanisani, mama, shangazi na Filomena, na watu wote wa jana. Sijui kama atapanda baiskeli kurudi nami. Anaweza kukataa, na akikataa sitakuwa na la kusema. Sijui pia kama mama mkwe atakubali kusimama mahali ninapomwona, baada ya tumbo lile. Nitaongea hata kwa mgongo wake.

Maneno yenyewe ni matatu tu. Nimeyafanyia mazoezi tangu alfajiri, hapa chumbani, mbele ya kioo kinachonionyesha mtu nisiyemzoea: Niliyemkataza ni mimi. Mawili ya kwanza yanatoka vizuri. Nikifika la tatu sauti inakwisha.

Nimefunga kamba za viatu. Naenda na maneno yangu hivyo hivyo.